Damu Ukiiona, Umeshachelewa

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwita daktari wa mifugo siku isiyofaa. Ng'ombe wangu, chotara wa Jersey niliyemnunua mtamba hapa Ganda, alikuwa akitoa damu kidogo ikagandia mkiani, nami nikaamini hiyo ndiyo alama ya kutaka dume. Daktari anakuja kwa pikipiki kutoka Malindi mjini, anampandisha kwa mrija, yaani anamtia mbegu bila dume, namlipa, anaondoka. Hakuniuliza nimeona nini, nami sikumwambia. Wiki tatu zikipita, damu ile ile. Mara nne nililipa bila ndama.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani ambaye maisha yake yote amefuga ng'ombe wa kienyeji. Alitazama ule mkia akasema, "Mwanangu, hii damu ni habari ya juzi. Joto lake lishapita."

Ni kweli. Joto, yaani ule muda ng'ombe anapotaka dume, likiisha, homoni iliyokuwa juu hushuka, na vishipa vidogo vya ndani ya mfuko wa uzazi huvuja. Damu hutokea siku moja hadi tatu baadaye, na wakati huo yai limeshatoka na kufa, kwa sababu uhai wake ni wa saa chache tu. Lakini usiipuuze damu hiyo. Andika tarehe. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, kwa hiyo kuanzia siku ya 16 tangu uione damu, anza kukesha.

Nilipoanza kutafuta sababu nilikutana na kazi ya George Trimberger, mtafiti wa Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940. Alifuatilia ovari (vifuko vya mayai) za ng'ombe wa maziwa ili ajue yai linatoka saa ngapi, kisha akalinganisha waliopandishwa mapema na waliopandishwa kwa kuchelewa. Jambo lililonishangaza ni kwamba ng'ombe hutoa yai baada ya joto kwisha, saa 10 hadi 12 hivi tangu akatae kupandwa. Nayo mbegu huhitaji saa kadhaa ndani ya tumbo kabla haijaweza kurutubisha yai. Kwa hiyo mbegu inatakiwa ifike kwanza, ipate kulisubiri yai. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ambayo madaktari wengi huitumia mpaka leo: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ile ile, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya kesho yake.

Kwa mrija, saa ina uzito kuliko kwa dume. Mbegu hiyo imekaa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa haidumu kama mbegu mbichi. (Namheshimu sana Chris Polge na wenzake wa London, ambao mwaka 1949 waligundua kwamba gliserini huikinga mbegu isife kwa baridi. Walianza na mbegu za jogoo. Bila wao, mbegu ya fahali wa kituo cha Kabete, karibu na Nairobi, isingefika Ganda ikiwa hai.)

Shida yetu sisi wa pwani ni jua. Wakati wa kaskazi, ng'ombe wa damu ya kizungu anahema tangu saa nne asubuhi, na joto la uzazi huwa fupi na la kimya. Mara nyingi hulionyesha usiku, kunapopoa. Ukimtazama saa saba mchana tu, amelala chini ya mwembe, utasema hana kitu. Mimi huingia zizini saa tatu usiku, tena saa kumi alfajiri kabla ya adhana, na kila mara nakaa robo saa nzima bila kumshughulisha. Alama ya uhakika ni moja: anasimama tuli mwenzake akimpanda. Yule anayepanda huenda naye yuko karibu, lakini anayesimama ndiye.

Na kama unaye mmoja peke yake? Huyo ndiye mgumu, na wengi wetu tuko hivyo. Tafuta ute usio na rangi, unaong'aa, unaovutika kama ute wa yai la kuku. Anaweza kulia usiku, akaacha majani, maziwa yakapungua ghafla. Mimi nilikubaliana na jirani tuwafunge wetu pamoja jioni, na hilo lilinisaidia kuliko yote.

Daktari akija, mwambie saa uliyomwona amesimama, hata asipouliza. Akishapandishwa, asiswagwe juani. Mweke chini ya makuti, maji yawe karibu, kwa maana mwili ukipata joto sana siku za mwanzo mimba inaweza kuharibika. Asiporudi kwenye joto, usitulie bado: baada ya miezi miwili au mitatu apimwe kwa mkono.

Wangu alishika mimba mara ya kwanza nilipofuata saa, akazaa siku ya 281, ndama jike. Sasa ndama ana miezi mitatu. Leo saa kumi alfajiri mama yake alikuwa amesimama tuli, ng'ombe wa jirani juu yake. Nimeandika, na daktari anakuja saa kumi na moja jioni.