Ulimi wangu unaonyesha vinyama vya utumbo?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 46, nauza nguo Kariakoo. Nilipofuata mzigo Guangzhou tumbo lilinisumbua, choo kikawa na utelezi. Mwenyeji wangu akanipeleka kwa daktari wa tiba ya Kichina. Akatazama ulimi, akanishika mapigo mikono yote miwili, akasema utumbo mpana una joto na unyevu, huenda vinyama vimeota. Akanipa dawa za kuchemsha. Baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Kweli vinyama huonekana kwenye ulimi?
Mama Salma, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Havionekani.

Nilisomea udaktari huko huko Guangzhou, na somo la tiba yao ya jadi lilikuwa la lazima, kwa hiyo najua alichokuwa akikitafuta. Wana njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Ulimi wenye utando mzito wa njano, na mapigo yanayoteleza chini ya vidole, kwao ni joto na unyevu. Ulimi wa zambarau wenye madoa, damu imekwama. Uliopauka, mnene, wenye alama za meno pembeni, wengu umedhoofika. Mapigo husomwa kwa vidole vitatu, na kila kidole kina viungo vyake. Mwalimu wetu alikuwa akishika mkono wa mgonjwa kimya mpaka sisi wa nyuma tunasinzia.

Yote hayo yanaeleza hali ya mwili mzima. Hayawezi kuonyesha kinyama cha milimita 5, na vingi havina dalili yoyote. Ulimi kama wako angeweza kuukuta hata kwa mwenye amiba (nawe pima choo, huo utelezi usiuache). Kitabu chao cha kale, Lingshu, kinataja nyama inayoota tumboni kwa sababu ya baridi, lakini ni uvimbe unaoanza kama yai la kuku hadi tumbo likawa kama la mjamzito. Ndiyo maana hospitali za tiba ya jadi za China leo zina vyumba vya kolonoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Kamera ndiyo inayothibitisha kinyama. Ulimi na mapigo ni vya kuchagulia dawa. Wewe ulipewa nusu ya pili tu.

Aliyefiwa na mzazi kwa saratani hii anashauriwa kuanza kipimo hicho akiwa na miaka 40, au mapema zaidi kama mzazi aligundulika akiwa kijana. Usingoje mzigo ujao. Siku ya kunywa dawa ya kuharisha, ili utumbo usafike, ndiyo ngumu. Kipimo chenyewe kwa kawaida hufanywa ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Kinyama kikionekana, mara nyingi hukatwa papo hapo kwa kitanzi cha waya na kupelekwa maabara, maana aina ya adenoma ndiyo huweza kugeuka saratani, ingawa huchukua miaka.

Dawa za kuchemsha zisimamishe kwa sasa, na daktari aambiwe ulizinywa. Ikiwemo mizizi ya danggui au danshen, inaweza kuongeza kutoka damu. Karatasi ya dawa kama ni ya Kichina, ipige picha unitumie, nitakusomea.