Les Paul alikuwa mtu, si gita tu

Yaya, umeuliza kwa nini sisi wapiga gita wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, tulimlilia mzee wa Marekani, wakati "Les Paul" unaijua kama aina ya gita tu. Alikuwa mtu, na alifariki Agosti 2009 akiwa na miaka 94.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichukua gogo la msonobari, akalifunga nyuzi na pikapu, yaani kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme. Gita nyingi za wakati ule zilikuwa na tumbo wazi: ukizitia umeme na kupandisha sauti, zinapiga mluzi. Mbao iliyojaa inatuliza mluzi huo, na uzi unalia muda mrefu. Gibson, kampuni ya Marekani ya kutengeneza gita, walitoa modeli yenye jina lake mwaka 1952.

Lakini kwangu kubwa zaidi ni kurekodi. Alipiga, akajirekodi, akapiga tena juu ya sauti yake mwenyewe, tena na tena, mpaka mtu mmoja akawa orkestra. Studio zetu hapa Lubumbashi zinazoanza na ngoma, kisha besi, mwimbaji mwisho, zinatembea katika njia hiyo.

Na mwaka 1948 ajali ya gari ilimponda kiwiko cha kulia. Aliwaomba madaktari waukaze mkono katika pembe ya kushika gita!

Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wetu wa Katanga, alitoa kwenye gita moja sauti za watu wawili kwa kidole gumba na cha shahada. Ninawaheshimu wote wawili sawasawa. Tafuta "How High the Moon" ya 1951: anayeimba ni mkewe Mary Ford, na gita zote unazosikia ni za Les Paul mwenyewe.