Jibu: Kocha wa farasi anamwandikia binti yangu usiku

Salamu dada. Nimekuelewa: uko Marekani, kocha anamtumia binti wa miaka 14 meseji usiku, na sasa anataka aende naye mashindanoni wawili tu, eti ndiyo kawaida ya mazizini. Si kawaida hata kidogo.

Angalia kwanza kama kocha ni mwanachama wa USEF, shirikisho la michezo ya farasi la Marekani. Kama ndiye, anabanwa na kanuni za U.S. Center for SafeSport, kituo cha kulinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji: meseji kwa mtoto lazima mzazi au mtu mzima mwingine awemo, na hamsafirishi peke yake bila ridhaa yako ya maandishi. Hiyo fomu usisaini. Mimi niliambiwa "mbona wenzio wanasaini?", nikaendesha gari langu mwenyewe nyuma ya trela la farasi.

Usimkabili bado, atafuta kila kitu. Piga skrinishoti zenye tarehe, kisha ripoti SafeSport. Hata bila jina wanapokea. Pakiwa na kushikwashikwa au picha za utupu, polisi kwanza. Kama si mwanachama, SafeSport haimfikii. Nenda polisi moja kwa moja.

Umaarufu wake usikutishe. George Morris, aliyeongoza timu ya Marekani ya kuruka viunzi kwa farasi ikapata dhahabu ya Olimpiki 2008, alifungiwa kabisa na SafeSport mwaka 2019 kwa unyanyasaji wa kingono uliomhusu mtoto, na rufaa yake ikagonga mwamba.