Maji ya mzazi: jibu kwa binti wa Langoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu. Naandika riwaya ya Catherine, malkia wa Urusi, tangu alipopelekwa kuolewa akiwa kigori. Nimejaza kurasa arubaini za dhahabu, vinara na dansi za usiku, lakini nikizisoma naona hazina mtu ndani. Kaka yangu asema barafu niijuayo mimi ni ya samaki tu. Baridi ya Petersburg nitaiandikaje? Niache? Na kile kifo cha aibu anachosimuliwa, nikitie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache.

La kifo nilimalize mapema. Alikufa kwa kiharusi mwaka 1796, ana miaka 67. Hayo mengine ni matusi aliyozuliwa, usiyape hata mstari.

Sasa zile kurasa arubaini ziweke kando, uingie nami chumba kimoja tu, mwaka 1754. Mimi nimekanda wazazi hapa Malindi zaidi ya miaka thelathini, na kisa cha chumba hiki kila nikikisoma hunikaba koo.

Msichana huyu alizaliwa Sophie, Ujerumani, 1729. Aliingia Urusi ana miaka 14, akabadili dini na jina mwaka huohuo wa 1744, akawa Catherine. Kirusi alijifunza usiku, akitembea chumbani miguu mitupu huku akikariri, mpaka kifua kikamuuma karibu kufa. Mwaka uliofuata akaolewa na Peter, mpwa wa Elizabeth, malkia aliyetawala Urusi wakati huo. Miaka tisa bila mtoto! Wewe wajua maneno ya watu kwa mke wa miaka miwili. Hiyo ni tisa, na jumba zima linahesabu.

Hatimaye akajifungua mwana, Paul. Elizabeth akamwamuru mkunga amchukue mtoto wamfuate, wakatoka. Mzazi akabaki kwenye kitanda cha uzazi, kati ya milango na madirisha yasiyofungika vizuri, jasho limemlowesha. Akaomba abadilishiwe nguo, akaomba maji. Mhudumu wake akaogopa kumpa bila idhini ya mkunga. Akakaa hivyo kama saa tatu. Haya aliyaandika mwenyewe, kwa Kifaransa, katika kumbukumbu zake.

Mimi mzazi wangu namuwekea uji wa pilipili manga haujapoa, na maji ya kumkanda yako jikoni yachemka. Huyu alikuwa mke wa mrithi wa ufalme mkubwa, akakosa gilasi ya maji.

Kaka yako apate jibu lake hapo. Baridi ya chumba kile si theluji, ni upepo juu ya jasho. Panda mashua wakati wa kusi, kanga imelowa, kisha rudi uandike.

Na mtoto je? Alilazwa chumbani kwa Elizabeth, kwenye susu iliyotandikwa manyoya ya mbweha mweusi, amefunikwa blanketi juu ya blanketi, jasho lamtiririka usoni. Mama alimwona baada ya arubaini, aliposomewa sala. Kisha wakamwondoa tena. Ndiyo, hata kanisa lao lina arubaini. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Lakini hapo ndipo pa kujizuia: usimpake hina, wala usimfukize udi. Arubaini ni yake tayari, imetosha.

Nakuomba pia usimfanye Elizabeth kuwa zimwi. Mwanamke huyu alichukua kiti cha enzi usiku mmoja wa 1741 kutoka kwa mtoto mchanga, Ivan wa Sita, na mtoto yule akakulia kifungoni. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba mtoto kwenye susu ni ufalme, na anayemshika ndiye mwenye nguvu. Tena yeye mwenyewe hakuwa na mrithi wa tumbo lake. Mwandike akimwinamia Paul kila anapolia, kwa mapenzi ya kweli, mikono ikimtetemeka kidogo. Msomaji amhurumie, halafu akumbuke yule aliyeachwa na kiu.

Kuna na zawadi. Elizabeth alimpa mzazi rubo 100,000. Muda si muda wenye hazina wakaja kuziomba tena kwa kukopa, kwa sababu Peter naye alitaka kiasi hichohicho. Hiyo nayo itie, ila fupi.

Mama zetu wa Mkomani waliozalia nyumba za mawe, kitandani mbele ya vidaka, waulize kitu kimoja: ukiwa umelala huwezi kuinuka, watu wakitoka, sauti za nyumba husikika vipi? Andika wanayokwambia. Kisha sura hiyo nitumie kabla ya nyingine zote, na ndani yake nimwone yule mhudumu: ajua mwenzake ana kiu, jagi analiona, mkono hauendi.