Wiki za kunywa tu: maswali yenu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

Nimepewa wiki mbili za vinywaji tu kabla ya upasuaji. Si nitapungua baadaye? Kwa nini nianze kuteseka mapema?

Unateseka kwa ajili ya ini, si mizani. Upande wa kushoto wa ini hulalia tumbo la chakula, na kwa mwenye uzito mkubwa mara nyingi ini hilo limejaa mafuta. Upasuaji hupitia matundu madogo, kwa hiyo daktari lazima aliinue ini ndipo alione tumbo. Likiwa kubwa na zito, huchubuka na kuvuja damu, na wakati mwingine kazi husitishwa palepale mezani. Kwa kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wanga ukiwa kidogo, mwili huanza kutumia sukari iliyowekwa akiba kwenye ini. Kila gramu ya akiba hiyo hushika takribani gramu 3 za maji, ndiyo maana ini hunywea haraka. Kilo zinazokutoka siku za mwanzo nazo nyingi ni maji, usizishangilie sana.

Siku ya tano nilishindwa, nikala sahani nzima. Nianze upya?

Hapana. Kinywaji kinachofuata ndicho kikurudishe kwenye utaratibu, na usijiadhibu kwa kushinda na njaa, maana protini bado unaihitaji. Ila ukila usiku ule ulioambiwa usitie kitu mdomoni, sema, hata kama tarehe itasogezwa. Chakula kikirudi kooni ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi, kinaweza kuingia mapafuni.

Ninachoma insulini. Niendelee na dozi ileile nikiwa kwenye vinywaji?

Usiendelee nayo wala usiipunguze kwa kubahatisha. Chakula kimepungua ghafla, dozi ya zamani inaweza kuishusha sukari mpaka uzimie. Mpigie anayekutibu kisukari kabla ya siku ya kwanza, na umtajie vidonge vyote, vya presha pia.

Leo siku ya nne tangu nipasuliwe. Nimeambiwa lita moja na nusu kwa siku, lakini funda tatu tu nimejaa. Nitazimalizaje?

Chukua kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ya maji, cha mililita 30. Lita moja na nusu ni vikombe 50. Ukimaliza kimoja kila robo saa, umefika kabla siku haijaisha. Wengi hukwama kwa sababu husubiri kiu ndipo wanywe, na kwa tumbo hili jipya lililopunguzwa deni la maji halilipiki kwa mkupuo. Jifunze pia lugha yake: kwikwi, kupiga chafya au pua kuanza kutiririka ni dalili za kawaida kwamba limejaa. Acha hapo hapo, funda moja la ziada ndilo hurudi. Soda na mrija viweke kando, vinajaza hewa. Mkojo ukikolea rangi, umebaki nyuma.

Aiskrimu ikiyeyuka si kinywaji?

Ni kinywaji, ndiyo. Kesi yake ni sukari. Hasa kwa waliounganishiwa utumbo moja kwa moja na tumbo dogo lililobaki, sukari nyingi humwagika utumboni kwa kasi, ukatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, ukaharisha. Kunywa maziwa yasiyo na mafuta.

Natamani kutafuna tu. Nikitafuna nyama na kutema, kuna ubaya?

Upo. Kuna kipande kitakachokuponyoka, na mshono wa tumbo bado mbichi. Vinywaji vya sasa havihusiani tena na ini. Vinaulinda mshono huo, na wiki za mwanzo ndizo za hatari ya kuvuja. Moyo ukipiga zaidi ya mara 120 kwa dakika nawe umetulia, ukapata homa, au tumbo likazidi kuuma, pengine na bega la kushoto, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Wiki ya tatu sasa, kila ninachokunywa natapika. Ni kawaida?

Mara mojamoja, ndiyo. Kila siku, hapana. Huenda njia ya chakula imebana. Tena kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, ukaanza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili, kuchanganyikiwa. Nenda leo, na ukifika waambie mapema kwamba ulifanyiwa upasuaji huu: B1 inatakiwa iingie kabla hujatundikiwa dripu ya sukari.