Ranchi kubwa inauzwa: tuhesabu hekta au tuhesabu nyasi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na ndugu zangu wawili tumefuga ng'ombe wa nyama kwa miaka mingi katika eneo dogo la kukodi, na sasa tumeunganisha akiba zetu ili tupate ardhi yetu wenyewe. Dalali ametuletea tangazo la ranchi ya hekta 12,000 katika nchi kavu, yenye visima viwili, josho na uzio. Tangazo linasema kwamba ranchi hiyo inabeba ng'ombe 3,000, na kwamba inafaa pia kwa uwindaji kwa kuwa ina nyati, nyumbu na tandala wengi. Picha zinavutia, na dalali anatuhimiza tulipe amana mwezi huu. Tuangalie nini kabla ya kutoa fedha?

JIBU: Ndugu msomaji, amana isubiri hadi mtakapoiona ranchi hiyo mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu mvua zikishanyesha kila malisho hupendeza, na picha za matangazo hupigwa wakati huo.

Tuanze na hao ng'ombe 3,000, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 450 hula takribani kilo 11 za majani makavu kwa siku, yaani kiasi cha tani 4 kwa mwaka. Tuseme hekta moja ya nchi kavu hutoa kilo 1,000 za nyasi kavu kwa mwaka wa mvua ya wastani. Nyasi hizo si zote za ng'ombe: nyingine hukanyagwa, nyingine huliwa na mchwa na panzi, na sehemu kubwa lazima ibaki imesimama ili ifunike udongo na kuipa mizizi nguvu ya kuchipua tena, kwa hiyo ni salama kuhesabu theluthi moja tu. Kwa hesabu hiyo kila ng'ombe anahitaji hekta 12, na ranchi yenu inabeba ng'ombe 1,000, si 3,000. Hapo nyati na nyumbu, ambao hula nyasi zilezile, bado hawajahesabiwa. Tandala ana nafuu yake, kwa kuwa yeye hula zaidi majani ya miti na vichaka.

Kiwango cha kilo 1,000 nimekitoa kwa mfano. Chenu mtakipata kwa kukata nyasi katika maeneo madogo yaliyopimwa, kuzikausha na kuzipima uzito, kazi ambayo mtaalamu wa malisho huifanya kwa siku chache. Lakini hata kabla ya mtaalamu, shukeni garini mtembee. Pigeni magoti penye nyasi. Mkiona vishina vya nyasi vimesimama juu ya vijilima vidogo vya udongo, na mizizi iko nje, fahamuni kwamba udongo uliokuwa kati yake umekwisha kuchukuliwa na maji na upepo. Tazameni pia ng'ambo ya uzio: ikiwa kwa jirani kuna nyasi ndefu za kudumu na upande wenu kuna magugu na miiba michanga, mvua ni ileile, kilichotofautiana ni idadi ya mifugo. Miiba ikishashika ardhi, tandala atafurahi, ila ng'ombe wenu watakosa malisho, na kuiondoa ni kazi ya miaka mingi.

Maji nayo yapimwe, yasisimuliwe. Wakati wa joto ng'ombe mkubwa anaweza kunywa lita 50 au zaidi kwa siku, hivyo ng'ombe 1,000 wanahitaji lita 50,000. Kisima kinachotoa lita 3,000 kwa saa kitalazimika kusukuma maji kwa karibu saa 17 kila siku ili kuwatosha, na pampu ikiharibika mtakuwa na muda mfupi sana wa kuwaokoa. Ombeni kila kisima kisukumwe mfululizo mbele yenu kwa siku nzima. Kisha pimeni umbali kutoka kwenye mabirika hadi mwisho wa malisho, kwa sababu nyasi zilizo kilomita nyingi kutoka kwenye maji hazifikiwi ipasavyo, huku zile za karibu zikimalizwa hadi udongoni. Ranchi ya hekta 12,000 yenye visima viwili huenda ikawa na nusu tu ya malisho yanayotumika.

Kuhusu uwindaji, tangazo linaeleza wanyama waliopo tu. Haki ya kuwawinda ni jambo jingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nchini Marekani wanyamapori ni wa umma, na mwenye ranchi huwauzia wawindaji ruhusa ya kuingia katika ardhi yake, nao hufuata leseni na misimu ya serikali. Namibia na Afrika Kusini zinamruhusu mwenye shamba aliyetimiza masharti, hasa ya uzio, kumiliki wanyama kadhaa. Kwa hiyo wakili wenu asome sheria ya mahali ranchi ilipo, athibitishe kama kibali kinahamia kwa mnunuzi, na aulize ni nani mwenye haki ya maji, ya madini na ya njia zinazopita humo. Muombeni muuzaji kumbukumbu za uwindaji za miaka mitano. Ikiwa idadi ya madume wazee waliopatikana inapungua kila mwaka, mnauziwa mabaki.

SWALI: Sisi tayari tuna ranchi, na nyati hunywa katika birika moja na ng'ombe wetu. Je, kuna hatari?

JIBU: Ipo, na ni kubwa. Nyati anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka bila kuonekana mgonjwa, na mlipuko mmoja unaweza kuwafungia soko la nyama. Hubeba pia vimelea vya ndigana, ambavyo kupe huvihamishia kwa ng'ombe, hivyo josho lisikose dawa na ratiba yake isirukwe. Tengeni mabirika, na ikiwezekana mwekee nyati maji yake mbali kabisa na malisho ya ng'ombe.

Kama mna nyumbu pia, waondoeni ng'ombe katika eneo wanalozalia, kwa sababu ndama wa nyumbu hutoa virusi vya homa ambayo kwa ng'ombe haina tiba na huua karibu kila anayeugua. Ndama hao wakishapita umri wa miezi minne hatari hupungua sana, na mnaweza kuwarudisha ng'ombe.