Mara tatu zimetoka wapi?

SWALI: Nimejenga operata za Virasoro (Lₙ) kwa njia ya Sugawara, yaani kwa kuzidisha J mbilimbili, kutoka sl₂ afini (aljebra ya Lie ya operata Jₙ), kiwango k = 1 (namba isiyobadilika inayotokea kwenye komuteta za J). Jumla ya :JᵃJᵃ: (besi ortonomali; nukta pacha ni mpangilio wa kawaida wa operata) nimeigawa kwa 2k. Mbona komuteta [L₀, J₋₁] = L₀J₋₁ − J₋₁L₀ inatoa 3J₋₁ badala ya J₋₁?

JIBU: Kosa liko kwenye kigawanyo: ni 2(k + 2). Hiyo 2 iliyoongezwa kwa k ni namba ya Coxeter ya uwili (dual Coxeter number) ya sl₂, namba maalumu ya kila aljebra ya Lie ya aina hii. Inazaliwa unapokokotoa komuteta, kwa sababu J zenyewe hazibadilishani nafasi bure. Hapa ndipo wengi huteleza. Wewe umegawa kwa 2, ilitakiwa 6.

Ukirekebisha, chaji kuu (namba isiyobadilika kwenye komuteta za Lₙ) 3k/(k + 2) inakuwa 1, na moduli mbili sahili (zisizogawanyika zaidi) za aljebra sahili ya vateksi, ile inayojengwa na J hizi, zinaanzia uzito (thamani ya L₀) 0 na 1/4. Epuka k = −2: kigawanyo ni sifuri.